Carte ndani ya appareil

Leo nimepatikana. Mbele ya wakwe, tena na kikapu mkononi.

Nawaandikia ninyi wa kikundi hiki kabla Patou hajawaandikia, maana yeye ataongeza chumvi. Mimi nitaeleza tu jinsi ilivyokuwa. (Nimekula, nimetulia, naweza kueleza.)

Mnajua kazi yangu hapa Lubumbashi ni kupiga picha: ndoa, ubatizo, wanafunzi wanaomaliza masomo kule Kasapa. Mnajua pia ugonjwa wangu. Siku nyingi nawahubiria muache simu mnapotaka picha ya maana, mnunue kamera, hata iliyotumika. Sasa, hapa kwetu kamera tunaiita appareil. Shida ni kwamba simu nayo watu wanaiita appareil. "Appareil yangu haina charge." "Nilisahau appareil mu taxi." Nikisikia hivyo natoka jasho. Simu si appareil. Appareil ni appareil. Nimeliandika hilo hapa kikundini mpaka mmoja wenu akaniuliza kama kuna mtu ananilipa.

Mgumu kuliko wote ni Patou, kaka wa mke wangu. Patou anapiga picha za harusi kwa simu katika commune ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na hakosi wateja. Hilo linaniuma. (Nasema wazi, linaniuma.) Nimemweleza kwamba picha ya simu ukiikuza uitundike ukutani, uso unakuwa kama bukari, ugali wetu, iliyoshindwa kusongwa. Nimemweleza kwamba simu ikikuta jua nyuma ya bibi harusi, inamgeuza kivuli. Yeye hunisikiliza mpaka mwisho, halafu huniita beau-frère, yaani shemeji, na kuuliza.

"Beau-frère, hii appareil yako inaweza kutuma foto ku WhatsApp?"

"Apana."

"Courant ikikatika, iko na torche?"

"Patou, ni appareil ya foto."

"Njo vile. Njo shida yake." ("Njo" huku ni "ndiyo".)

Basi leo nilipata nafasi ya kummaliza. Mke wangu Nadine ana bibi wawili, mapacha. Kaku Mbuyi (kaku kwetu ni bibi) anaishi hapa Kenya, kwenye parcelle, kiwanja cha nyumba ya familia. Pacha wake, Kaku Kabanga, alibaki Mbuji-Mayi, kwao Kasai. Picha waliyopiga pamoja ilikuwa moja tu, ya usichana wao, nayo mvua iliingia darini ikaila. Kaku Kabanga alikuja kwa ndoa ya mjukuu, na leo mchana alikuwa anapanda ndege kurudi kwao. Kaku Mbuyi aliniita wiki hii akaniambia bila kuzunguka.

"Bwana yangu, tulisha kuzeeka. Hatutaonana tena. Nataka foto ya sisi babili, yeye abaki na yake, na miye nibaki na yangu. Hata ku kilio batapata ya kuweka mbele."

(Ananiita bwana yake kwa sababu mimi ni mume wa mjukuu wake. Ni utani wa kawaida. Lakini siku hiyo hakuwa anatania.)

Kwa wale wasiowajua watu wa Kasai: mapacha hawakosewi. Ukimpa mmoja kitu, mwenzake apate kile kile. Ukimkasirisha mmoja, balaa umeiita mwenyewe, usimtafute mchawi. Kwa hiyo kazi niliichukua kwa heshima na kwa hofu kidogo.

Asubuhi nilikuwa naoga nikakumbuka kadi ya kamera, carte kama tunavyoiita. Ni ile ndogo kama ukucha. Ukiivalisha kifuko chake cha plastiki inaingia kwenye kamera. Ukiivua kifuko inaingia hata kwenye simu, na Jumapili Nadine huitia kwenye simu yangu ili asikilize nyimbo za kwaya yake. Nilikuwa nimeiacha mezani. Nikapaza sauti kupitia mlango.

"Nadine, weka carte ndani ya appareil."

"Appareil gani?"

"Yangu!"

"Sawa."

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Naomba myakumbuke.

Tukafika kwa Kaku. Parcelle imejaa, maana kila mtu alikuja kumuaga Kaku Kabanga, na kila mtu kainua simu. Nikaona hapa ndipo pa kuanzia. Mnazijua picha za familia zetu: mjomba anatazama simu ya huku, shangazi anatazama simu ya kule, mtoto anatazama mbuzi. Nikaazima kikapu cha Kaku Mbuyi cha kwendea sokoni, nikasimama katikati.

"Ba-famille, leo hakuna mutu wa kutoa téléphone. Kaku bataangalia fasi moja tu, hapa. Batéléphone yote mu kikapu."

Nikatangulia mwenyewe kuweka simu yangu, ili nisiambiwe mnafiki. Ni simu ya zamani, kifuniko chake cha nyuma kinashikwa na mpira. Wengine wakafuata, wananung'unika kidogo, lakini wakafuata. Nilizunguka na kikapu kama shemasi wakati wa sadaka. Patou alikuwa wa mwisho. Aliishika simu yake muda kidogo kabla ya kuiachilia.

"Kama foto haikutoka?" akauliza.

"Itatoka."

Niliwaketisha kina Kaku kwenye viti viwili vilivyo sawa, ukutani, penye kivuli kizuri. Walikuwa wamevaa kitenge kilichokatwa kwenye pande moja, na vilemba vimefungwa kwa namna moja. Nikapima mwanga kwa kumpiga picha Kaku Mbuyi peke yake. Kaku Kabanga akakohoa. Nikaelewa, nikampiga na yeye peke yake. Ndipo nikaanza picha zenyewe.

Jamani, wale mabibi walikaa kama wanapigwa picha ya kadi ya uchaguzi. Mabega juu, midomo imefungwa, macho makavu.

"Bakaku, mucheke kidogo."

"Tucheke na nini?" Kaku Kabanga akasema. "Meno iko wapi? Kamata tu." (Huku kupiga picha ni kukamata.)

Nikapiga. Nikapiga nimesimama, nimechuchumaa, nimelala chini kabisa (suruali yangu nyeusi, vumbi la Kenya jekundu). Kamera ilikuwa inalia vizuri, kile kilio chake kinachofanya watu wanyamaze. Nyuma yangu Patou akasema taratibu.

"Beau-frère, hauangalie kama inatoka?"

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Kugeuza tu macho kwenye kioo cha nyuma, basi. Badala yake nikasimama, nikamgeukia, na kwa sauti ya kufika mpaka barabarani nikasema:

"Patou, mutu wa kuangalia nyuma ya kila foto, ule ni mutu wa téléphone. Fundi anajua."

Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Shangazi mmoja akasema "eeh, kabisa". Na Patou, siwadanganyi, akalegea. Akaja karibu akauliza appareil ya namna hii inapatikana wapi mjini. Akaomba kuishika. Nikamvalisha mkanda shingoni mimi mwenyewe, nimejaa furaha kama baba anayeoza binti. Nikamwonyesha kitufe cha kutazama picha, nikawaambia watu wasogee waone tofauti. Wakasogea wote. Nadine peke yake alibaki jikoni, anafunga mikate ya safari.

Patou akabonyeza. Akatazama. Akabonyeza tena.

"Beau-frère, inaandika 'pas de carte'." (Yaani hakuna kadi.)

"Inaandika nini?"

"Pas de carte."

Kaku Kabanga, ambaye mawazo yake yalikuwa kwenye safari, akashtuka. Akaingiza mkono kwenye fundo la kitenge, akatoa kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha safari, akaiinua juu.

"Carte yangu njo hii. Nani anasema sina carte?"

Nikaichukua kamera. Nikafungua kile kimlango cha chini. Tundu tupu. Kamera ya namna yangu inakubali kufyatua hata bila kadi: inalia, inakonyeza, inafanya mambo yote ya kamera, haihifadhi kitu. Kule kulala vumbini kote kulikuwa bure. Nje taxi ya kumpeleka Kaku uwanja wa ndege ikaanza kupiga honi.

Nawaambia ukweli, hapo sikufikiria aibu. Nilifikiria Kaku Mbuyi na ile picha aliyotaka iwekwe mbele siku ya matanga.

"Nadine! Carte uliweka wapi?"

"Ndani ya appareil," akajibu kutoka jikoni.

"Appareil gani?"

"Yako. Niliuliza, ukasema yako."

Akatoka anapangusa mikono. Akaenda moja kwa moja kwenye kikapu, akapekua, akatoa simu yangu. Akavua ule mpira, akafungua mgongo wa simu, akawaonyesha watu. Kadi ilikuwa pale, imekaa vizuri, imesukumwa mpaka mwisho. Mke wangu ni mtu wa kufanya kazi safi.

"Lakini Nadine," nikasema, sauti imepungua, "téléphone si..."

Sikumaliza. Parcelle nzima ilikuwa imeshaelewa. Walicheka wakakaa chini. Yule shangazi wa "eeh, kabisa" alicheka akaegemea mti wa parachichi. Mimi nilisimama na kikapu cha simu zao, sijui hata nilikiokota saa ngapi.

Nikasema niivute kadi niitie kwenye kamera, tuanze upya. Kile kifuko cha plastiki kiko wapi? Nyumbani, mezani. Honi ikapigwa tena. Kaku Kabanga alikuwa tayari amesimama, begi limeinuliwa na wengine.

"Beau-frère," Patou akasema, wala hakuwa anacheka tena, "kamata na ile. Haraka."

Basi nikaishika simu yangu. Kina Kaku hawakuwa ukutani tena, walikuwa katikati ya ua. Jua liko nyuma yao. Kila nililokataza katika maisha yangu lilikuwa pale. Patou akasimama begani kwangu ananifundisha. (Mimi. Ananifundisha mimi.)

"Gusa ku sura yao, mu écran. Gusa tu. Sasa ngojea... bon."

Kaku Mbuyi alikuwa bado anaitazama ile kadi ya uchaguzi mkononi mwa pacha wake. "Pas de carte," akasema polepole. Kaku Kabanga akamtazama. Wakashikana, wakaanza kucheka, vilemba vinagongana, midomo wazi, bila jino, bila haya. Nikabonyeza.

Nilitaka kuongeza ya pili. Simu ikazima.

"Appareil haina charge," Patou akasema.

Sikumsahihisha.

Dereva hakungoja tupekue kikapu kutafuta simu nyingine; wakaagana hapo hapo, na hapo hakuna aliyecheka. Kaku Mbuyi alimshika mwenzake mkono mpaka mlango wa taxi ulipofungwa. Kisha akanigeukia. "Bwana yangu, ilitoka?" Nikamjibu sijui, Kaku. Ndilo jibu la kweli pekee nililotoa leo kuhusu picha.

Tukachomeka simu kwa jirani mwenye umeme. Tukaizunguka, watu wazima, tunangoja iwake. Ikawaka. Picha ilikuwa pale, moja. Imeinama upande, kona moja ina kivuli cha kidole changu. Lakini nyuso zao hazikuwa kivuli, pale Patou aliponiambia niguse palikuwa na nuru ya kutosha, na wale mabibi wawili walikuwa wanacheka wakiwa hai kabisa. Kaku Mbuyi akaisogeza simu karibu na macho. Nikamwambia naweza kukata ile kona yenye kidole.

"Acha," akasema. "Bantu bajue ni nani alitukamata."

Patou ameshaituma Mbuji-Mayi, ili Kaku Kabanga akifika aikute imemtangulia. Kamera amenirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. Amesema ni nzuri, nzito, na siku itakapokuwa na carte atakuja kuiangalia tena.

Jioni hii Nadine ameniuliza kama bado naona alikosea. Nimelipima jambo hili kama fundi. Picha iko ndani ya carte. Carte iko ndani ya appareil. Hajakosea popote.

Ninyi naomba msicheke. Picha nimewawekea hapo chini: wale wawili wameshacheka kwa niaba ya wote.