Zamu ya Intaneti Masama

Jumatatu, 4 Machi 2002
Nimefanya! Mabati yote ya nyumba yangu nimeyabadilisha kwa kompyuta. Primus, mwenye duka la intaneti mjini Moshi, aliniamkia shikamoo, akapokea mabati, kisha akanionya: kampuni za intaneti huko Marekani zimeanguka, wateja wamekimbia, yeye mwenyewe anahamia kwenye biashara ya vipuri vya magari. Nikamwambia bei ya kahawa ilipoanguka majirani waling'oa mibuni, bei ikapanda wakalia. Intaneti nayo itapanda tena. Mimi sing'oi.

Mke wangu Flavia ameuliza tutalala chini ya nini masika yakianza. Miaka thelathini tuliishi Chekereni, kwenye mpunga na mbu, tukitamani kurudi huku Masama mlimani, kwenye kihamba cha baba, shamba la ukoo. Sasa kuta za udongo zimesimama bila paa, nasi tumejibanza kwa mdogo wangu Kornel. Swali lake ni halali.

Jumatano, 6 Machi
Kikwazo. Kompyuta inataka waya wa simu, na waya pekee kijijini ni wa Ebenezeri, jirani anayeniita "mzee wa mpunga" mbele ya watu. Amekataa. Eti sisi wa tambarare tumezoea kudokoa maji ya wenzetu. Tusi! Lakini limenipa wazo. Mfereji wetu wa maji unapita kwa wote, kila nyumba ina zamu. Waya nitaupeleka kwa wazee wa mfereji.

Jumamosi, 9 Machi
Ushindi! Wazee wamekaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, wakaamua: intaneti ni kama maji, inatoka juu, haina mwenyewe. Zamu ya kwanza Ebenezeri. Ya mwisho mimi, kwa kuwa sikuwapo miaka yote ya kuzibua mfereji. Nimemeza uchungu.

Jumapili, 10 Machi
Sijui niandikeje. Ebenezeri aliomba kuuona mlima. Picha iliyopigwa kutoka angani ikashuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari, taratibu kama ukungu unaofunguka. Kibo, kutoka juu! Tumezaliwa miguuni pake na hatukuwahi kuona utosi wake. Wazee wakavua kofia. Kornel akanong'ona kwamba haoni mpaka wa shamba la mtu. Niliweka kidole gumba kwenye kioo. Kikafunika Masama na Chekereni pamoja. Miaka yangu thelathini, chini ya ukucha mmoja.

Ebenezeri akaniita "ndugu yangu". Niliitika kwa shida.

Jumanne, 12 Machi
Msiba. Sheria ya mfereji: kabla ya zamu ya pili, wote wanatoka kuzibua. Wakatoka kweli, na mapanga, wakifyeka matawi chini ya waya toka kwa Ebenezeri hadi barabarani. Ebenezeri ndiye aliyeangusha tawi la mparachichi. Waya ukaenda nalo. Fundi wa simu anasema atakuja baada ya Pasaka. Mvua imeanza. Kuta zangu zinayeyuka.

Alhamisi, 14 Machi
Primus amepanda kutoka mjini na mabati yangu kwenye pikapu. Anaona aibu, anasema, babu wa watu kunyeshewa kwa ajili yake. Amechukua kompyuta. Flavia amelia kwa furaha.

Tukinywa chai, Primus akataja dishi linalonasa intaneti moja kwa moja kutoka angani, bila waya. Alijuta papo hapo. Nilimwuliza linaweza kubadilishwa na kitu gani.

Flavia amekaa juu ya mabati, mwavuli mkononi, hasogei. Lakini Jumapili ataenda misa.