Kikaango Cheusi cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe katuletea kikaango chake cha chuma. Cheusi tii! Anataka kukirithisha kwa mmoja wa binti zake wawili, kwa yule ambaye nyumba yake inajua kukitunza. Wiki iliyopita kilikuwa kwa mwanyumba wangu, mume wa shemeji. Sasa zamu yetu. Ijumaa anaamua. Mke wangu anakitamani tangu utotoni. Ndicho alichojifunzia kukaanga yai, akiwa amesimama juu ya kigoda. Kaniomba nisikiguse. Nimemwambia atulie, mume yupo.

Jumanne, 5 Machi
Mke kazini. Nimekikagua. Weusi umeganda ndani, wa miaka! Kumbe mwanyumba hakukiosha kabisa. Nimemshika pabaya! Sabuni, mchanga, waya wa kusugulia, asubuhi nzima. Sasa cheupe, najiona uso humo. Nimekiacha sinkini na kwenda kulala kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Kutu! Chekundu chote! Nimekificha chini ya kitanda. Nikampigia shemeji, nikamwambia kuna rafiki yangu kapatwa na hivi na hivi. Kacheka sana. Kasema weusi ule si uchafu, ni mafuta yaliyoshikana na chuma. Huyo rafiki aondoe kutu, akikaushe motoni, apake mafuta kiduchu, akichome, arudie tena na tena. Tena na tena! Nani ana subira hiyo? Kinachotakiwa ni weusi tu. Weusi ninao, kwenye kabati la viatu.

Alhamisi, 7 Machi
Dawa ya viatu, nimeipaka mara mbili. Brashi, kisha kitambaa. Kinang'aa kuliko viatu vyangu vya harusi. Mimi ni fundi, basi tu sijatambuliwa.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe kaja. Mwanyumba naye nyuma yake, shati limepigwa pasi hadi linasimama. Mama kasifu weusi. Kichwa kikanivimba. Kisha kakiweka motoni, akaomba yai. Moshi! Nyumba nzima ikanuka viatu. Mwanyumba akauliza kwa upole kama yai hilo litafungwa kamba. Wote wakacheka, ila mke wangu. Machozi yalimlenga. Hapo niliumia kweli, wala si kwa sababu ya mwanyumba.
Mama mkwe akasema mkosaji ni mkwe, si binti. Akampa mke wangu wiki moja akiponye. Akiweza, ni chake. Sharti moja tu, mimi nikae mbali nacho.

Ijumaa, 15 Machi
Kimepona! Wiki nzima mke wangu kasugua, kapaka, kachoma. Leo yai limeteleza lenyewe, na mama mkwe kasema kikaango ni chake. Mke wangu kaimba jikoni. Nimefurahi mpaka nimekosa pa kukaa. Jioni kaenda kwa dada yake kujidai kidogo. Haki yake.
Lakini kakiacha na mafuta mafuta. Maskini, uchovu. Nimemsaidia kimyakimya: nimekiosha kwa sabuni ya kutosha, nikakifungia kabatini. Kina majimaji kidogo, ila kabatini mvua hainyeshi.