Gari Tupu Nyuma ya Jeneza

Leo nimeaibika mbele ya maiti. Sitii chumvi. Maiti alikuwepo, amelala ndani ya jeneza la mninga, na alikuwa mjomba wangu.

Naandika haya nikiwa bado na udongo mwekundu kwenye kucha. Afadhali jambo hili mlisikie kwangu kabla halijawafikia kwa mdomo wa binamu yangu Damiani, ambaye hajui kufupisha.

Gari langu mnalijua. (Nyote mnalijua. Nimewatumia picha zake kuliko picha za wanangu.) Kwa miaka mitatu nimelijenga kwa ajili ya milima. Nimeliinua kwa springi ndefu na shokapu mpya. Nimelivika tairi zenye meno ya kukamata tope. Nimelifungia bampa la chuma lenye winchi ya kujivuta kwa waya, na lile bomba la kupumulia linalopanda ubavuni mpaka juu ya paa, ili siku nikivuka mto injini isinywe maji. Kila Jumamosi nimejilaza chini yake pale nyumbani Bigwa, napaka grisi, nakaza nati zilizokwisha kukazwa.

Mto sijavuka. Tope kubwa kuliko yote lililowahi kukanyagwa na tairi zile ni la siku bomba la maji lilipopasuka mtaani kwetu. Nililipita mara nne.

Mjomba Kosmas alifariki Jumanne. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito, na kwenye mazishi yake mpwa hakai kando. Kikao cha familia kilipokaa, Damiani, mwanawe mkubwa, alieleza mpango. Nyumba ya mzee iko juu ya Mkuyuni, mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka barabarani.

"Lori litatufikisha njiapanda," alisema. "Kutoka pale vijana watambeba."

Mke wa mjomba, Mama Koleta, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akainua uso. Masika iliyopita, kwenye njia ileile, wabebaji waliteleza na jeneza la jirani yao likaanguka. Likafunguka. Aliliona kwa macho yake.

"Sitaki mume wangu aanguke," alisema. "Hilo tu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. (Nilifika chuo kikuu. Somo la kunyamaza halikuwepo.)

"Mama, gari langu litampeleka mpaka uani."

"Litafika, baba?"

"Litafika."

Damiani akanigeukia. "Kaka, wewe umewahi kuipanda ile njia?"

"Gari limetengenezwa kwa njia za namna ile."

Hilo, mtaona wenyewe, halikuwa jibu la swali lake.

Leo saa mbili asubuhi nilikuwa nje ya mochwari, gari limeoshwa. Tatizo la kwanza: jeneza halikuingia. Nyuma nilikuwa nimefunga makabati ya vyombo na jokofu la safari, kwa ajili ya safari ambazo hatujafanya. Ikabidi vyote vitolewe na kupangwa ukutani huku waombolezaji wakisubiri juani. Nikamwomba mlinzi wa mochwari anitunzie jokofu mpaka jioni. Mlinzi akalitazama, akanitazama, akasema kwa upole wa mtu aliyezoea misiba:

"Mzee, majokofu humu tunayo."

Tatizo la pili: kimo. Gari nililolipandisha kwa miaka mitatu lilikuwa limepanda kweli. Wanaume sita walilinyanyua jeneza mpaka usawa wa vichwa, na Damiani akapanda juu ya tairi kulivuta. Mama Koleta naye aliletewa kiti ili afikie mlango wa mbele. Akapanda kwa mikono miwili, na kanga yake nyeusi, bila kulalamika. Mimi nilishika kiti.

Lakini barabarani, ndugu zangu, nilijisikia mtu. Lori la waombolezaji lilikuwa nyuma yetu, wanawake wakiimba. Nilikuwa nampeleka mjomba wangu kwake. Nakiri kwamba kwa muda nilisahau kuwa nina huzuni.

Mkuyuni tukasimamishwa. Katikati ya barabara alikuwa amelala mwanamke mzima, chali, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Ni Bi Mwanahawa, mtani wa ukoo wetu. Kwa wasiojua, mtani kwenye msiba ana ruhusa ya kufanya jambo ambalo mwingine angelifanya angefukuzwa. Bi Mwanahawa ni mfanyabiashara wa ndizi, na kwa miaka thelathini ameshuka milima ile akiwa amekaa juu ya mikungu kwenye gari la ndizi.

"Hapiti mtu!" alipiga kelele akiwa chini. "Huyu mchoyo aliishi na migomba mia, mimi hakunipa hata ndizi ya kuonja! Leo anapita bila salamu?"

"Shikamoo, mtani," nilisema dirishani. "Tuna haraka, mama. Mvua."

Ndiyo, mvua ilikuwa jambo la kweli. Wiki hii inashuka mlimani kila siku kwenye saa tisa, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kaburi likijaa maji hakuna kuzika.

"Marahaba. Basi nipeni lifti."

Alipanda nyuma, akaketi kando ya jeneza, akaligonga kwa kidole. "Sogea, mzee. Hata umekufa bado unachukua nafasi yote."

Mama Koleta alitazama mbele. Hakucheka.

Pale njiapanda lori likaishia. Watu wakashuka ili waje nyuma yetu kwa miguu. Kilima cha kwanza kilikuwa mbele yetu palepale: udongo mwekundu, umelowa, unang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Nikasimama chini yake. Nikavuta ile gia ndogo inayoyaamuru magurudumu yote manne yavute. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Nikamwonyesha Mama Koleta.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo nguvu, mama."

(Naomba sentensi hiyo isinukuliwe popote.)

Tulipanda hatua kama kumi. Kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja, yakirusha tope kwa waombolezaji waliovaa mavazi yao ya msiba, na gari likarudi chini taratibu, kinyumenyume, kama mtu anayeomba radhi.

Nikashuka. Nikapunguza upepo kwenye tairi zote nne, ndivyo wafanyavyo wataalamu, ili tairi itambae na kushika.

"Limechoka, sasa unalitoa pumzi kabisa?" aliuliza Bi Mwanahawa kutoka nyuma.

Nikajaribu. Hatua nane.

Basi, winchi. Nikauvuta waya mpaka kwenye mfenesi juu ya kilima, nikauzungushia mti kanda pana ili gome lisichubuke. Niliifanya kazi hiyo kwa utaratibu mzuri sana, na watu walisogea kuitazama. Nikarudi, nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Ndipo nikakumbuka kwamba nyaya za umeme wa winchi tulizichomoa mwaka jana, mimi na fundi wangu, ili tupate umeme wa jokofu. Tulisema tutazirudisha.

Damiani alikuja akaegemea boneti. "Kaka. Saa saba inakaribia."

"Baba," alisema Mama Koleta, "tumshushe?" Alisema kwa sauti ya chini. Afadhali angefoka.

"Mara moja ya mwisho, mama."

Mara ya mwisho gari lilikwenda upande. Tairi mbili zikaingia mtaroni, gari likainamia ubavu, na nyuma yetu jeneza likateleza na kugonga bati. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini wanawake wote waliokuwa wakiimba walinyamaza.

Mama Koleta alifungua mlango akashuka mwenyewe. Hakusubiri kiti.

"Mshusheni," alisema. Hakuwa akisema na mimi.

Wanaume sita walivua viatu. Wanawake wakakata majani ya migomba, wakayatandika juu ya udongo, na wabebaji wakapanda, vidole vya miguu vikiuma ardhi. Mama Koleta alitembea kando, mkono mmoja juu ya jeneza, kama mtu anayemshika mgonjwa. Kilima kilichonishinda mimi na springi zangu walikimaliza kwa muda wa wimbo mmoja.

Nilibaki na gari. Na Bi Mwanahawa, ambaye alisema magoti yanamsumbua. (Nadhani alibaki kwa ajili ya utamu.) Alizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Mtani, hebu kanyaga mafuta kidogo."

Nikakanyaga.

"Basi, acha. Wewe shule ulisomea nini?"

"Sosholojia."

"Aa." Akainama. "Magurudumu yako ya mbele hayazunguki. Yanakutazama tu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Katikati ya kila gurudumu la mbele la gari langu kuna kitufe cha mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Usipokizungusha kwa mkono kukifunga, vuta gia ndogo utakavyo, washa taa za kijani utakavyo, magurudumu ya mbele yatasindikiza tu, hayatavuta. Fundi alinieleza hilo siku ya kwanza. Nilikuwa napiga picha.

Bi Mwanahawa alikishika kwa vidole viwili. Tk. Akazunguka upande wa pili. Tk.

"Dereva wetu wa ndizi hufunga hivi kabla hajanywa chai," alisema, akijifuta mkono. "Haya, jaribu."

Gari lilitoka mtaroni kama mbuzi. Likakipanda kilima bila kelele, bila kuteleza, kwa unyenyekevu mkubwa. Sijawahi kulichukia kama wakati ule.

Njia ile ni moja na nyembamba. Baada ya kona mbili tuliwakuta. Basi fikirini: mbele, wanaume sita peku, jasho linatiririka, jeneza mabegani, upande mmoja bonde. Nyuma, mimi. Gari tupu. Injini inanguruma kwa raha. Na kiti cha mbele Bi Mwanahawa, amekaa kama mke wa waziri, anawapungia mkono wafiwa.

Waligeuka mmoja mmoja. Damiani, aliyekuwa amebeba mbele, hakuweza kugeuka.

"Kaka, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Limepona?"

"Halikuwa linaumwa."

"Ila?"

Ningeweza kudanganya. "Sikuwa nimeyafunga magurudumu ya mbele."

Bega la mbebaji wa nyuma likaanza kutikisika. Halafu la mwenzake. Jeneza likainama kuelekea bondeni, na Mama Koleta akalikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Msicheke!" Damiani alifoka. "Mtamwangusha mzee! Msicheke hata mmoja!" Na sauti yake mwenyewe ilikuwa inakatika. "Kaka, zima gari. Zima! Ukae hapohapo mpaka tusikuone."

Nikazima. Nikakaa kwenye lile gari la miaka mitatu, katikati ya njia lililojengewa, nikiwa nimekatazwa kusogea kwa sababu kuonekana kwangu ni hatari kwa marehemu.

"Unaona," alisema Bi Mwanahawa, "kwa miguu wanafika."

Walifika. Hakuanguka. Katekista alisoma sala kwa haraka, jicho moja kwenye wingu, na mjomba akateremshwa kaburini, kukiwa kukavu. Watu walipomaliza kutupa udongo, Bi Mwanahawa akasogea mbele, akapiga magoti na viganja chini, na kuanza kunguruma.

Aliniigiza mimi. Aliniigiza mimi na gari kwa pamoja. Alipanda kifusi cha udongo wa kaburi, akateleza kinyumenyume. Akajitoa upepo kwa mdomo. Akafunga waya wa uongo kwenye mguu wa katekista na kubonyeza kitufe cha uongo, akasubiri, akabonyeza tena, akaangalia mbingu. Kisha akajizungusha kwa vidole viwili kwenye kiwiko, tk, akaondoka mbio akizunguka msiba wote huku akipunga mkono.

Msiba mzima ulivunjika mbavu. Nilisimama katikati, mpwa wa marehemu, nikitazama viatu vyangu vya kupandia milima.

Mama Koleta aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yalimtetemeka. Nikadhani analia kwa hasira. Alipoishusha kanga nikaona alikuwa anacheka, mdomo wazi, kama msichana, na katikati ya kicheko kilio kikatoka, kile ambacho tangu Jumanne kilikuwa kimemkwama. Wanawake wakamshika. Alilia mpaka akamaliza. Hakuna aliyenitazama tena.

Mvua ilishuka tulipokuwa tunanawa mikono. Dada yake Mama Koleta, Bibi Priska, ana miguu iliyovimba na kwake ni Mkuyuni. Watu wakaanza kubishana nani atamshusha na kwa vipi. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo ya kibanda. Nilikuwa sijaulizwa, na sikutarajia kuulizwa.

Mama Koleta akaniita. "Baba, mchukue dada yangu."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Huyu yuko hai. Ukikwama atashuka mwenyewe."

Nikaingia mvuani. Nikachuchumaa kwenye gurudumu moja, nikakagua kwa mkono. Nikaenda la pili, nikakagua kwa mkono. Chini ya turubai, watu wote walinihesabia magurudumu.

Nimemfikisha. Mnaotaka kucheka, nawaomba kwa heshima ya mjomba, subirini arobaini ipite.