Hakuna Fomu, Hakuna Chai

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku kubwa! Mzee Mbaluka, fundi wetu mkuu wa pampu, anastaafu mwezi huu. Visima vyote vya Makueni na Kitui viko kichwani mwake, karatasi hata moja hakuna. Injinia Wayua, bosi wetu hapa Makindu, ametangaza kwamba atakayehifadhi ujuzi huo atakuwa Meneja wa Maarifa. Ofisi ya peke yake, na feni! Nani mwingine kama si mimi? Nimetunga fomu. Kurasa tisa. Safi sana.

Jumanne, 4 Machi
Mafundi hawajaigusa. Saa nne wanajazana jikoni kwa Ndila, mpishi, kupiga domo juu ya pampu na mabomba. Dawa yao ninayo. Nikasimama mlangoni: hakuna fomu, hakuna chai! Mzee Mbaluka akaniuliza kama niko sawa. Robo saa tu, fomu zote kumi na moja mkononi. Aki mimi ni moto.

Jumatano, 5 Machi
Fomu ziko kwenye faili la bluu. Mwau wa stoo, ambaye pia anaitaka ile feni, ameniuliza kama nimezisoma. Wivu! Meneja hasomi, anahifadhi. Mzee Mbaluka amechukua likizo, ameenda Kasikeu kutayarisha shamba kabla ya mvua. Aende salama. Tunaye kwenye faili.

Alhamisi, 6 Machi
Kisima cha Kanyangi kimeletewa jenereta mpya, na tangu hapo pampu inanguruma lakini maji ni tone tone. Ng'ombe wanalia. Nikajitolea kwenda na faili. Watu wakinitazama, nikafungua fomu ya Mbaluka. Mahali alipozaliwa. Ndoto zake za miaka mitano. Kuhusu pampu, mstari mmoja: hayo tunaongeanga wakati wa chai. Ebo! Kumpigia simu, mteja hapatikani. Nikapiga ofisini, akapokea Ndila. Mafundi wote wako nje, akasema, kisha akauliza shida ni gani. Nikamweleza basi tu. Akasema mota inazunguka kinyume, jenereta izimwe na fundi wa umeme wa hapo abadilishane nyaya mbili. Maji yakaruka! Mama mmoja alinikumbatia. Sikumtaja Ndila, maelezo yangekuwa marefu.

Ijumaa, 7 Machi
Watu wa Kanyangi wamempigia Injinia Wayua kushukuru, wakamsimulia mpaka ile simu, naye akauliza ni nani aliyeipokea. Meneja wa Maarifa ni Ndila. Ndila! Mimi ni msaidizi wake. Nimeumia, sifichi. Mwau amecheka mpaka akakaa chini.
Lakini nimefikiria, na kosa nimeliona. Miaka tisa, kila saa nne, mafundi wanamwaga maarifa ya kampuni pale jikoni, na mpishi anayazoa bure! Huo ni uvujaji. Kuanzia Jumatatu chai itanywewa kimya, kila mtu kwenye meza yake. Ilani nimeshaibandika mlango wa jikoni.
Ndila atanishukuru.