Kesi ya Vyuo Viwili

Jumatatu, 3 Juni
Nimekubaliwa kusoma sheria. Si chuo kimoja, viwili! Cha hapa mjini, mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Na cha mbali, chenye mabweni, ambako hakuna baba wa kunivuta shuka asubuhi. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa saa sita mchana. Wazazi wanataka cha hapa. Mimi nataka cha mbali, ila sababu yangu ya kweli ni usingizi, na hiyo haisemeki mbele yao. Nimepata njia. Kwetu ugomvi wowote huamuliwa na Bibi, mama yake Baba, na akishasema amesema. Nimependekeza tufanye kesi kamili. Mimi nitatetea chuo cha mbali. Cha hapa nimempa mdogo wangu wa kike, tunayemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake hauna breki. Mtu wa kupayuka tu. Ushindi ni wangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimemlainisha hakimu. Nimemkanda Bibi magoti, nimesikiliza habari za jino lake tangu mwanzo. Kapokea yote kwa furaha. Kasuku hajajiandaa hata kidogo, kutwa anasuka nywele. Namwonea huruma.

Jumatano, 5 Juni
Kesi imesikilizwa leo. Balaa. Kasuku kaniita mimi kuwa shahidi wake! Kauliza kwa upole nani huniamsha. Nikasema Baba. Nani huzima pasi ninayoisahau? Mama. Sebule nzima wakashika mbavu. Kasuku akasema hana swali zaidi, akarudi kwenye nywele zake. Bibi kaamua chuo cha hapa, bila kupepesa macho, na magoti yake niliyakanda mwenyewe. Nikakata rufaa papo hapo. Baba akauliza rufaa kwa nani. Kwa Mjomba, kaka yake Mama, fundi cherehani. Mjomba kakubali, ila ana sare za shule za kumalizia, atasikiliza Jumamosi. Mama akanikumbusha Ijumaa. Nikamweleza, kama mwanasheria, kwamba rufaa ikikatwa hukumu husimamishwa, na hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu.

Ijumaa, 7 Juni
Sijagusa kitu. Saa sita ikapita. Alasiri nikapiga simu chuo cha mbali kuwaarifu kwamba shauri liko mahakamani. Karani akauliza mahakama gani. Nikamweleza. Akaniomba nirudie, wenzake wasikie. Walipomaliza kucheka akasema nafasi yangu kapewa mwingine. Nikakimbilia chuo cha hapa. Jibu lile lile, bila kicheko. Jumatatu nilikuwa na vyuo viwili, leo sina hata kimoja. Nimelia, tena kwa kwikwi. Mama kaniletea chai, akakaa kando yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 8 Juni
Mjomba kasikiliza rufaa huku anashona vifungo. Ya jana sikumwambia, nisije nikamchanganya hakimu. Kaamua niende chuo cha mbali. Nimeshinda! Kasuku akamnong'oneza kwamba nafasi haipo tena. Mjomba akasema hukumu yake haibadiliki, lakini kuanzia Jumatatu niwe namsaidia vifungo hadi mwaka ujao. Baba kanitazama, katikisa kichwa, katoka nje. Haidhuru. Rufaa yangu ya kwanza, na nimeshinda. Waliodharau mahakama ni vyuo. Nimeshaanza kuandika mashtaka dhidi ya vyote viwili, na kwa Mjomba sitakanyaga mpaka kesi iishe. Kasuku amekubali kuvitetea.