Vidonge vya Pilipili Manga na Mkeka wa Mama Mkwe

Leo nimeadhirika. Tena ukweni, mbele ya wazee, mchana kweupe. Nawaandikia jamaa wote wa darasa letu kutoka intaneti kafe hapa Dodoma mjini. Kompyuta inajikokota na kiuno kinaniuma, kwa hiyo mniwie radhi nikikosea herufi.

Mnajua mke wangu, Mama Tumaini, alirudi kwao Haneti tangu wakati wa mavuno. Sababu mnaijua pia: pombe yangu. (Msijifanye mnashangaa, nusu yenu ndio mliokuwa mnanisindikiza nyumbani.) Wiki ile ile aliyoondoka nikaacha. Miezi mitatu sijagusa hata togwa. Hospitali wakanikuta na presha, wakanipa vidonge, kimoja kila asubuhi, na sijaruka hata siku moja. Juzi baba mkwe akatuma neno kwamba niende Jumamosi wanione. Yaani wapime kama kweli nimeacha. Wakiridhika, narudi na mke wangu. Wasiporidhika, basi tena.

Sasa sikieni ujinga wangu. Ofisini kwetu masijala yuko Bwana Shija, ambaye tangu biashara huria ifike anauza kila kitu kutoka kwenye droo ya meza ya serikali. Zamu hii ana makopo ya vidonge kutoka ng'ambo, kiini cha pilipili manga. Akaniambia vinafungua tumbo, mwili unapokea kila unachokula, hakuna kinachopotea. Nikamuuliza kama vinapatana na dawa za hospitali.

"Pilipili manga si unaila kwenye pilau?" akasema. "Umeshamzika nani kwa pilau?"

Nikaona ana hoja. (Mimi huyu, mtu wa kidato cha sita.) Nilitaka tu nifike ukweni nimenawiri, waone pombe imenitoka. Alhamisi nikaanza, jana nikaendelea, na leo asubuhi nikameza viwili pamoja na kidonge cha presha. Chai haikupita kwa wasiwasi. Nikadandia pikapu ya jirani yangu wa Ipagala aliyekuwa anafuata alizeti huko huko Haneti. Njiani kichwa kikawa chepesi, nikasema moyoni kwamba ni furaha.

Nilipokelewa vizuri, nikapewa kigoda. Kwetu Ugogoni mama mkwe haguswi. Humpi mkono, humkazii macho, mkikutana njiani mmoja anapisha. Alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, amegeuza uso inavyotakiwa. Nyuma yake alikuwa mke wangu, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke aliniangalia bila hasira. Nilitamani kikao kiishe hapo hapo.

Baba mkwe akaingia. Nikainuka haraka kumwamkia. Nikasema, "Shika..."

Moo sikuifikia. Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama mkwe. Yeye alikuwa ameinua mikono yote miwili juu asije akanigusa, na alisema neno moja tu: "Mtoeni."

Mzee Masima, baba mdogo wa mke wangu, akaniinamia usoni. "Pumua."

Nikapumua. Na mimi tangu asubuhi nacheua pilipili manga.

"Ametafuna kitu kuua harufu," akawatangazia wote. "Walevi ndivyo wanavyofanya."

Nikaapa. Lakini mlevi akiapa nani anamsikiliza? Mama Tumaini akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hapo nililia, na sioni haya kuwaambia.

Aliyeniokoa ni nesi wa zahanati, jirani yao, aliyekuwa amekaa na akina mama. Alikwenda kuchukua kipimo, akanifunga mkononi, akakuta presha imeshuka mno. Akauliza nimemeza nini. Nikatoa kopo mfukoni, nikaeleza Shija wa ofisini alivyoniuzia na alivyonijibu nilipomuuliza. Alilisoma, kisha akawaeleza wazee kwamba vitu vya namna hii vinaweza kuufanya mwili uchukue dawa kuliko alivyokusudia daktari, na kidonge kimoja kikafanya kazi ya zaidi ya kimoja. Mimi akaniambia niache kopo, dawa ya presha nisiiache kwa hasira, na Jumatatu asubuhi niende kwa daktari na kopo lenyewe mkononi.

Wazee wakanong'onezana. Mzee Masima akasema kesi ya pombe imekwisha. (Radhi hakuomba.) Ila mama mkwe ameguswa, tena kwa kichwa kizima. Mpaka nilete mbuzi wa kumwondolea aibu hiyo, nisikanyage pale, na mke anabaki.

Mama Tumaini alikuwa amesikia yote kutoka ndani, akatoka kunisindikiza hadi kwenye pikapu. Nilijua sasa atanihurumia.

"Daktari unamwona kila mwezi," akasema. "Shija ndiye uliyemuuliza?"

Nikalirudisha kopo mfukoni.

"Mimi nilidhani nimekimbia pombe," akasema. "Kumbe nimekimbia mtu anayemeza chochote anachopewa na marafiki."

Akarudi ndani.

Kwa hiyo, jamaa, miaka kumi nililewa na sikuwahi kumwangukia mama mkwe. Nimeacha pombe, nimemwangukia. Atakayecheka, mbuzi ni wake.