Cucu Bila Mdomo

Jumatatu, 2 Machi 2026

Watoto wawili wametoroka darasa langu la kuchora tena! Wako kwa Boaz, yule wa kufundisha skeiti kwa paking ya kanisa hapa Gatongora. Leo amepita akaniuliza, Mama Wanja, bado mnapaka rangi ama mlifunga? Jeuri! Nimebaki na watano. Gachau, mwenye chumba, anasema akitoka hata mmoja, chumba ni cha Boaz. Hapo nitarudi kiwandani Thika, nilale huko huko, na Wanja wangu alelewe mtaa wa Landless kwa shangazi yake, nimwone Jumapili tu. Hata kutembea hajajua. Hapana.

Jumatano, 4 Machi

Nimepata akili! Ilikuja nikinyonyesha. Watoto wanahama kwa sababu wanamaliza. Picha ikiisha wanapeleka nyumbani, mama anapiga makofi, kwaheri. Basi hakuna kumaliza.

Jumamosi, 7 Machi

Tumechora watu wa nyumbani. Saa ya kuenda nikasema kila mtu aache mdomo, tutaweka wiki ijayo. Njau amemchora cucu, nyanya yake, vizuri sana, kitambaa, mikunjo, yote. Akaniuliza, ticha, sasa atakula na nini? Nikamwambia avumilie. Wamenung'unika mpaka mlangoni. Lakini watarudi!

Jumapili, 8 Machi

Ngai! Njau alificha picha ndani ya sweta. Kumbe leo huko Mugutha walikuwa na maombi ya cucu kufikisha miaka themanini. Wakaitundika mbele ya pasta, kando ya keki. Maggie, mamake Njau, amenipigia simu akinong'ona. Anasema wao, mabibi wa watoto wa cucu, walicheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja akasema hatimaye Mungu amejibu maombi. Cucu aliuliza tu mwalimu anapatikana wapi.

Jumanne, 10 Machi

Amekuja. Na bakora, na ile picha. Akaniuliza ni nani alinituma nimfunge mdomo, Maggie ama yule mwingine wa Kitale? Nikamwambia, cucu, hayo ni masomo, tunamalizia Jumamosi. Akavuta kiti. Akasema haondoki bila mdomo. Akampakata Wanja, naye Wanja akalala fofofo. Msaliti! Njau akaitwa kutoka shule, akaweka mdomo, na meno mengi kuliko aliyo nayo cucu mwenyewe. Cucu akaangalia weee. Akasema, haya, sasa huyu anaweza kuongea.

Wenzake Njau waliposikia, wakaja mbio wakamaliza zao pia. Picha zote zimeenda nyumbani. Nimekwisha.

Jumamosi, 14 Machi

Nilijua leo ni ya Boaz kunicheka. Kumbe cucu ameleta wajukuu wengine wanne, kila mmoja amchore, na mdomo! Wale watano pia wamerudi, eti cucu zao nao wanataka. Tisa! Gachau alichungulia, akaenda zake. Nimembusu Wanja mpaka kwa visigino.

Nimefikiria sana. Mpango wangu ulikuwa sawa kabisa. Ni mdomo tu uliniharibia. Kwa hivyo leo nimewaambia waache masikio. Nani huangalia masikio?